Gavana, Shangazi na Sensa ya Waya Mbili

Mwenzangu uliyeoa, ukazaa, ukanunua gari la namba A kwa sababu ndilo pesa ililofikia, hebu sogea tuzungumze. Mambo haya hayasemeki ofisini kwa vijana ambao hawajaoa, wala hayasemeki msikitini mbele ya wazee. Ni ya kuambiana sisi kwa sisi.

Gari letu ni Corolla 110, toleo lile lililotengenezwa Japani kati ya 1995 na 2000, injini ya 5A-FE, cc 1498, giya za mkono. Nyumbani linaitwa Shangazi, maana linabeba kila mtu, halikatai safari, na njia nzima linalalamika. Limewahi kubeba mbuzi wa Idi, magunia ya mkaa, viti vya kukodi vya mtaa mzima, na Gavana mwenyewe usiku wa manane akienda kujifungua kitinda mimba. Nalipenda gari hili, na mtu asinitajie habari ya kuliuza.

Gavana ni mke wangu. Nimempa jina hilo kwa sababu noti haiwi noti bila sahihi ya Gavana wa Benki Kuu, na katika nyumba yetu ya Tabata shilingi haitembei bila sahihi yake. Ana kaunta buku lenye jalada gumu, anaandika humo kila kitu mpaka kiberiti. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikishatangaza bei kikomo za mafuta, yeye huvaa miwani, hufungua ukurasa wa Shangazi, hupiga hesabu. Basi mwezi mmoja nikamsikia anaguna.

"Baba Zuhura, njoo hapa. Bei imeshuka, sisi tumepanda. Ni Shangazi anayekunywa, au kuna mwingine anayekunywa?"

Alikuwa anamtazama mdogo wake. Huyo ni shemeji yangu, Injinia wa Mdomo. Alikuja kwetu kusubiri barua ya kazi, na barua bado iko njiani. Ni kijana mwema, anawafundisha watoto hesabu, anafua nguo zake mwenyewe, ila hakuna kitu chenye nati duniani ambacho hana maoni juu yake. Feni, pampu ya maji, mashine ya kusaga, jenereta ya jirani, vyote ameshavitolea hukumu akiwa amekaa. Siku hiyo naye hakuchelewa.

"Shem, hizo ni plagi."

Dalili nyingine ilikuwa ukutani. Shangazi huegeshwa kinyumenyume, ekzosi ikitazama ukuta wa ua tulioupaka chokaa. Pale pakaanza kutokea doa jeusi, duara la masizi, kila wiki linatanuka. Mwanangu wa kati, Bwana Mbona, alikuwa akichora humo kwa kidole: nyumba, jogoo, mtu mwenye kichwa kikubwa aliyesema ni mjomba wake. "Baba, mbona moshi wa gari letu ni mweusi na wa gari la Baba Salma hauonekani?" Huyu mtoto akikuuliza mbona, jibu lake huwa linakugharimu fedha.

Kisha akaja Bibi Pua kutoka Muheza.

Ni mama mkwe wangu. Jina hilo amepewa na wajukuu, naye amelipokea kwa kicheko. Mimi kwa heshima ya ukwe namwita Mama, ila hapa nitawafuata watoto. Pua ya bibi huyu ni kipaji. Anajua maziwa yatakayoganda kesho. Anajua nani kavuta sigara na akatafuna karafuu. Nilikwenda kumpokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, na gunia lake la machungwa, akakaa kiti cha nyuma. Tulipofika Ubungo akashusha kioo.

"Baba, gari lako linanuka mafuta."

"Shikamoo Mama, ni foleni, magari ni mengi."

"Marahaba. Si foleni. Ni hili. Na tulipoondoka halikuwa linanuka. Limeanza lilipopata moto."

Nakuomba uyashike maneno hayo, maana uchunguzi wote wa gari ulikuwa mle ndani: halinuki likiwa baridi, linanuka likipata moto. Nyumba nzima ilikuwa na daktari wake amekaa kiti cha nyuma na gunia la machungwa, lakini mafundi hawana desturi ya kumsikiliza bibi. Wanasikiliza injini, wanatikisa kichwa, wanakuandikia spea.

Tukaanza mzunguko. Fundi wa kwanza akafungua plagi, zikatoka nyeusi tii, zimevaa masizi makavu. Akabadilisha plagi. Shangazi akafurahi muda kidogo, kisha plagi mpya nazo zikawa nyeusi. Ikasemwa ni waya za plagi. Zikabadilishwa. Ikasemwa ni nozeli, zikaoshwa. Ikasemwa pampu ya mafuta inasukuma kwa nguvu mno, ikaletwa nyingine ya mtumba. Kila mara Gavana anaandika kwenye kaunta buku, na kila mara kalamu inakandamiza karatasi zaidi. Sailensi nayo ilikuwa juu: gari limesimama, mguu uko mbali na mafuta, injini inanguruma utadhani inataka kupanda mlima wa Kitonga.

Akatokea fundi mmoja aliyekaribia sana. Akasema, "Hii ni sensa ya joto." Tukashangilia. Akabadilisha, akalipwa, akaondoka, na doa ukutani likaendelea kukua. Hapa nataka kukueleza vizuri, maana wengi wanapotelea hapohapo. Kwenye injini ile, mahali maji ya moto yanapotokea kichwani kuelekea kwenye rejeta, kuna vitu viwili vinavyofanana kwa mbali. Kimoja kina waya mmoja. Hicho kazi yake ni kuinua mshale wa joto kwenye dashibodi ili wewe dereva uone. Kingine kina waya mbili. Hicho hakikuhusu wewe, kinaiambia kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu wanaiita kontrolboksi, kwamba maji yana joto kiasi gani. Yule bwana alibadilisha cha waya mmoja. Mshale wetu haukuwa na tatizo hata siku moja.

Fedheha kubwa ikatukuta siku ya sendoff ya mtoto wa kaka yake Gavana. Shangazi alikuwa amebeba Gavana na shangazi wa kweli, watu wazima wenye miili yao, wote sare ya kitenge kimoja cha zambarau, na keki katikati. Tukaingia kituo cha mafuta Buguruni, nikazima injini kama inavyotakiwa, nikajaza, nikapiga stata. Inazunguka, haiwaki. Harufu ya petroli ikajaa mpaka kwenye keki. Nyuma yetu honi zinapigwa.

Gavana hakusema neno. Alifungua mlango, akashuka polepole, akashika pindo la gauni, akasimama pembeni na mkoba wake kifuani. Mimi niliye naye miaka yote hii naujua ukimya ule. Shangazi wakubwa wakashuka nao, wakavua viatu vya visigino, wakalisukuma gari huku wanaimba. Nikakanyaga mafuta mpaka chini ili hewa iingie nyingi, nikaachia klachi, likawaka kwa wingu jeusi lililotufunika sote. Keki ilifika salama. Ila picha za sendoff ile zipo, na zile sare hazikuwa tena zambarau tupu.

Usiku ule Gavana akatoa tamko: Shangazi hatapata shilingi nyingine mpaka aje mtu atakayesema ugonjwa kabla ya kubadilisha kitu. Sikubishana. Bwana wee, katika ndoa yenye umri, tamko kama hilo unalipokea kwa mikono miwili, na mimi nililiona la haki.

Mtu huyo alikuwapo mtaani kwetu siku zote. Ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, anakaa chini ya mwarobaini, mpole, hana kibao wala kelele. Hakufungua kitu. Alimwuliza Gavana lilianza lini, akamwuliza Bwana Mbona kuhusu ukuta, na alipomsalimia Bibi Pua, bibi akarudia yale maneno ya Ubungo. Mzee akasimama wima.

"Mama, linanuka likipata moto tu?"

"Likipata moto tu, mwanangu. Asubuhi halina neno."

"Basi tumeshafika nusu ya njia."

Akainua boneti, akaonesha kijisanduku cheusi cha plastiki chenye kifuniko. Ndani yake kuna matundu, kila tundu na jina lake. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata. Ile taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Magari ya Toyota ya zama zile hayahitaji mashine ya kupimia. Yanasema yenyewe kwa kupepesa taa, unahesabu. Watoto wote walijazana kwenye kiti cha mbele. Zuhura, binti yangu wa kidato cha pili, aliandika kwenye daftari la fizikia. Taa ikapepesa mfululizo, haraka, kwa nafasi sawasawa, bila kupumzika.

"Hiyo maana yake hakuna hitilafu iliyoandikwa," mzee akasema.

Injinia wa Mdomo akasema, "Si niliwaambia ni plagi?"

Mzee akacheka, akamwambia akae. Akachomoa soketi ya kijani kwenye ile sensa ya waya mbili huku swichi iko hewani, kisha akarudisha kipande chake cha waya. Safari hii taa ilipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara mbili tena. Zuhura akaandika 22. "Ishirini na mbili ni sensa ya joto la maji," mzee akasema. "Kwa hiyo kompyuta ni nzima na waya unafika. Inajua kuwa sensa imeondolewa. Isichojua ni kwamba ikiwepo inaidanganya."

Kisha akatoa kile kipande cha waya, soketi akaiacha imechomolewa, akaniambia nizungushe mtaa mpaka gari lipate moto, nizime, niwashe. Likawaka kwa mguso wa kwanza. Bwana Mbona akapiga kelele: "Mbona limepona kwa kuchomolewa?"

Mzee akamchukulia swali lake kwa uzito, nikampenda kwa hilo. Akamwambia hivi: sensa hii ina kitu ndani kinachopunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Kompyuta inapitisha volti 5, inasoma zinazobaki, inajua maji yamefika joto gani. Injini ikiwa baridi inahitaji petroli nyingi, ikipata moto inahitaji kidogo. Ukiichomoa sensa, kompyuta inaona waya umekatika, inaacha kuusikiliza, inachukulia tu kwamba maji yako nyuzi 80, ndiyo maana limewaka. Ila sensa ikiwa imechomekwa na inasema uongo unaofanana na ukweli, kompyuta haina namna ya kujua. Inaambiwa baridi, inamwaga mafuta. Hapo Bibi Pua akacheka mpaka akafuta machozi, kwa kuwa yeye mwenyewe, ukimwambia tu mjukuu anahisi baridi, anamvika sweta na kumfunika blanketi Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, mpaka mtoto atoke jasho la kulowesha godoro. Shangazi alikuwa amefunikwa blanketi kutwa nzima.

Injini ikaachwa ipoe. Mzee akapunguza maji ya rejeta kwenye ndoo, akafungua sensa kwa spana ya 19, akanikabidhi kidude chenyewe: shaba ya njano, kifupi kuliko kidole gumba, ncha imepauka, na ndani ya soketi pini moja ina kutu ya kijani. Akasema kutu hiyo ndiyo inayoongeza ukinzani. Akatuachia na mita yake kwa kuwa adhana ya alasiri ilikuwa imeshalia. "Ipimeni kwa maji. Kwenye nyuzi 20 isome omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye 80, iwe 200 hadi 400. Maji ya barafu ni nyuzi 0, hapo iwe kama 4,000 hadi 7,000. Na ya kuchemka mnayajua, hapa kwetu usawa wa bahari ni 100, hapo iwe chini ya 200."

Gavana alikuwa saluni. Usidhani nataja hilo bure.

Injinia wa Mdomo akaingia jikoni na kutoka na sufuria. Sasa nyumba yetu ina sufuria nyingi, lakini moja tu ni ile: nzito, mfuniko wa kioo, aliyopewa Gavana kwenye kitchen party yake, ambayo haipikiwi ila tui la pilau ya sikukuu na maziwa ya mgonjwa. Shemeji anasema aliichagua kwa kuwa ina sehemu ya chini iliyo bapa na joto lake linaenea vizuri. Kitaalamu alikuwa sahihi kabisa.

Tulianza na barafu. Zuhura akashika daftari, Injinia akashika mita, Bwana Mbona akashika kijiko cha kukorogea. Sensa tukaining'iniza kwa uzi, ncha ndani ya maji, soketi juu isiloe. Ikasoma kama 6,900. Tukatazamana. Iko ndani ya kipimo! Injinia akafungua mdomo aseme plagi, Bibi Pua akamwambia, "Washa jiko kwanza." Moto ukawashwa. Namba zikaanza kuteremka: elfu tano, elfu tatu, elfu mbili. Zikateremka, zikateremka, kisha zikachoka. Maji yakaanza kutoa povu, yakaruka, yakachemka kweli, mvuke umejaa jikoni, na mita imegoma kwenye 1,200.

Nilikisogelea kioo cha mita mpaka mvuke ukaniunguza shavu. 1,200 kwenye maji yanayochemka! Omu kama 1,000 na ushee zilizozidi, ambazo hazipo kwenye shaba bali kwenye ile kutu. Kwenye baridi, elfu moja juu ya elfu sita haionekani, ndiyo maana asubuhi Shangazi hakuwa na neno. Kwenye moto, palipotakiwa pasifike hata 200, elfu moja ile ikawa kila kitu. Kompyuta ikisoma 1,200 inaelewa maji yako kwenye nyuzi 40 hivi. Injini inatokota, yenyewe inaamini ndiyo kwanza imeamka. Nilimkumbatia mama mkwe wangu, jambo ambalo kwa mila za kwetu si dogo.

Tukiwa kwenye furaha hiyo hakuna aliyemhesabu mtoto wa mwisho. Huyu tunamwita Redio Mbao, maana habari ya nyumba hii haimaliziki kutokea kabla hajaitangaza. Alikuwa ameketi kibarazani na simu ya bibi yake.

"Mama, wanapika gari. Kwenye sufuria yako ya kioo."

Gavana alifika na rola kichwani. Alisimama mlangoni pa jikoni, akatazama jiko, uzi, mita, kijiko, na maji yaliyopata rangi ya kijani kibichi. Zuhura akajaribu kumwonesha daftari lenye matokeo. Injinia wa Mdomo akaanza kueleza habari ya sehemu ya chini iliyo bapa. Gavana akanyanyua kidole kimoja, pakawa kimya.

"Hayo maji ya kijani ni nini?"

Nikamwambia ukweli: ni kulanti iliyokuwa imebaki kwenye sensa. Na kulanti nyingi zina kitu kiitwacho ethilini glaikoli, ni sumu, na hatari yake ni kwamba ina ladha tamu, mtoto au paka akiilamba haoni sababu ya kuacha. Nilipofika hapo nikaona mwenyewe kesi imekwisha. Sufuria ile ilitolewa jikoni jioni ileile pamoja na kijiko, ikawekwa stoo, na juu yake Zuhura akabandika karatasi iliyoandikwa SUMU. Gavana hakupiga kelele. Alifungua kaunta buku, akaandika: sufuria mbili.

"Mbili?" nikauliza.

"Moja ya kulipia, moja ya uchungu."

Na mimi nikasema sawa, kwa sababu ilikuwa sawa.

Spea tulikwenda kuitafuta Gerezani, na Gavana akaja. Hiyo kwangu ilikuwa neema. Pale Gerezani ukiingia na uso wa mtu mwenye shida, bei inakuona kabla hujasalimia. Yeye aliingia na uso wa mtu anayetafuta kitambaa cha pazia. Tulioneshwa za aina tatu: za kichina kwenye boksi linalong'aa, za mtumba zilizong'olewa kwenye injini za Japani, na mpya halisi ambayo bei yake ilimfanya Gavana avue miwani. Nilikuwa nimekuja na mita ya mzee. Nikamwomba muuzaji nipime kila moja palepale. Kwa joto la Dar, ambalo ni nyuzi 30 hivi, sensa nzima inatakiwa isome katikati, kama 1,300 hadi 2,000. Ya boksi linalong'aa ilisoma zaidi ya 3,000. Muuzaji mwenyewe akaitoa mezani, hakusubiri kuambiwa. Ya mtumba moja ilisoma vizuri, lakini pini zake zilikuwa zimeanza ukijani uleule. Gavana akashika ile halisi, akaipima uzito mkononi, akaanza kuongea na muuzaji habari za watoto wake wanasoma wapi. Sikusubiri pale, nilitoka nje. Aliponifuata alikuwa na sensa, washa yake mpya, na chenji ya kutosha sufuria ya kwanza.

Kufunga ni kazi fupi, nitaipitia haraka. Injini iwe baridi. Pini za soketi upande wa gari zisafishwe mpaka zing'ae. Sensa ianze kuingizwa kwa vidole, isitangulizwe spana, maana inaingia kwenye aluminiamu na nyuzi zikiharibika hapo umenunua kazi nyingine. Ukishakaza kiasi, acha. Kisha mzee akatujazia kulanti mpya na kutukataza yale maji ya kisima yenye chumvi ambayo nusu ya Tabata inayaweka kwenye rejeta. Mwisho akachomoa fyuzi ya EFI kidogo ili kompyuta isahau ile 22, akairudisha.

Nikawasha. Sailensi ikapanda kama kawaida ya asubuhi, kisha kadiri mshale ulivyonyanyuka, ngurumo ikashuka, ikashuka, mpaka nikasikia kuku wa jirani. Nilikuwa nimesahau kwamba Shangazi ana uwezo wa kunyamaza. Tukamzungusha mpaka Segerea na kurudi, Bibi Pua nyuma, vioo vimefungwa kwa amri yake. Alivuta pumzi ndefu, akafumba macho, sote tunamsubiri.

"Sasa linanuka machungwa tu."

Lile gunia lilikuwa limeacha harufu kwenye buti tangu siku ile, na petroli ilikuwa ikiifunika.

Ukuta umepakwa chokaa upya isipokuwa ile picha ya mjomba mwenye kichwa kikubwa, Bwana Mbona ameililia ikaachwa. Injinia wa Mdomo sasa anashinda chini ya mwarobaini na yule mzee, anajifunza kutumia mita, na tangu aanze nimemsikia akisema "sijui, ngoja nipime," maneno ambayo dada yake aliyaandika kwenye kaunta buku pamoja na tarehe. Matumizi ya mafuta yamerudi yalikokuwa.

Kwa hiyo, mwenzangu, kama gari lako ni la zama hizo, asubuhi ni zima, likipata moto linanuka petroli, linakataa kuwaka na plagi zinarudi nyeusi, usinunue kitu. Mwambie fundi akuoneshe sensa ya waya mbili, aichomoe gari likiwa moto, mwone kama litawaka vizuri zaidi, kisha aipime. Maji ya kupimia yamwage mbali na watoto, kuku na paka. Na sufuria ya kazi hiyo kanunue ya kwako sokoni, iandike jina, isiingie jikoni kabisa.